Tovuti Yetu Ilale kwa Nani?

Ndugu askari wa Busia na Tororo, siku hizi vyama vya akiba na mikopo na vikundi vya wastaafu vingi hutaka tovuti. Kijana wa mjini huitengeneza, kisha kamati hubaki na swali: iwekwe katika seva ya kampuni gani? Aghalabu kamati huuliza bei kwanza. Sisi twasema bei iulizwe mwisho.

Kwanza ijulikane tovuti yenyewe yataka nini. Ukurasa wa matangazo ya mikutano hauhitaji makubwa. Seva ya bei nafuu, ambamo tovuti nyingi hulala pamoja kama kuruta katika bweni moja, yatosha. Lakini mwanachama akitaka kuingia kwa neno la siri na kutazama akiba yake, hapo pana programu iliyoandikwa kwa lugha fulani ya kompyuta, na hifadhidata nyuma yake. Iliyoandikwa kwa PHP hupokelewa karibu kila mahali, mradi toleo lake lilingane na la seva. La sivyo kurasa zaweza kukataa kufunguka. Ile ya ASP.NET ya zamani yataka seva ya Windows, ambayo aghalabu ni ghali zaidi. Basi mtengenezaji aandike katika karatasi moja lugha na toleo, aina ya hifadhidata, nafasi inayohitajika, na idadi ya watakaoingia kwa pamoja siku ya mshahara. Karatasi hiyo ipelekwe kwa kampuni, na majibu yaje kwa maandishi.

Siku ya mshahara isipuuzwe: katika bweni la pamoja, anayekula kupita posho yake hupunguziwa au hutolewa nje.

Kisha mahali. Uganda haina pwani. Sehemu kubwa ya intaneti yake hutoka Mombasa, inapotua mikongo ya baharini, na kuvuka mpaka huku kwetu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Uganda na Tanzania. Chama ambacho wanachama wake wengi wako Uganda chaweza kufikiria seva iliyoko Kampala, ili taarifa zisisafiri ng'ambo na kurudi. Seva ya Ulaya si mbaya kwa matangazo. Lakini majina, vituo vya kazi na mishahara ya askari ni jambo jingine kabisa. Kenya na Uganda zote zilitunga sheria za kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na kamati haiwezi kumsukumia kijana yule mzigo huo.

Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja ambao nakala zao za akiba zilikuwa hapo hapo walipoteza vyote. Kampuni ikijigamba kuwa huweka nakala, iulizwe: wapi, kila baada ya muda gani, na kuirejesha huchukua saa ngapi?

Jina la tovuti, liwe la .ug au .ke, lisajiliwe kwa chama, si kwa mtu. Askari huhamishwa, mweka hazina wa leo Tororo huenda mwezi ujao yuko Karamoja. Maneno ya siri yabadilishwe siku ile ile ya makabidhiano, pamoja na funguo za ofisi.