Akili mnemba: Mkulima aulize ilijaribiwa wapi

KATIKA maduka ya simu ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, mwendo mfupi kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja, akili mnemba sasa ni sababu mojawapo ya kupandisha bei. Mkulima aliyeleta mihogo sokoni anaweza kuambiwa kuwa simu hiyo itamtambulia hata magonjwa ya shambani.

Ahadi za namna hii si ngeni. Mwaka 1965 Herbert Simon wa Marekani, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alitabiri kuwa ndani ya miaka 20 mashine zingeweza kufanya kazi yoyote ya binadamu. Miaka 20 ikapita, kazi zikabaki kwa binadamu.

Tanzania nayo ina kisa chake. Mwaka huo huo wa 1965, Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza nchini ili kurahisisha hesabu za serikali. Matokeo yalikuwa mabaya kiasi kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, dawa ambayo nayo ilikuwa kali kupita ugonjwa.

Kwa upande wa mihogo, vipimo vipo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania na taasisi ya IITA, waliotengeneza programu ya Nuru, walitumia picha za majani kutoka mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo. Mwaka 2017 walitangaza kuwa mfumo wao ulipatia kwa asilimia 93. Mwaka 2019 walichapisha jaribio jingine, la simu ndani ya shamba hapa Tanzania. Hata kwa majani yenye dalili za wazi, kipimo cha ufanisi kilishuka kwa asilimia 32, hasa kwa kuwa simu ilikosa kuona baadhi ya majani yenye ugonjwa. Watafiti hao wanastahili sifa kwa kutoficha.

Kosa la aina hiyo ndilo la gharama. Michirizi ya kahawia huozesha muhogo chini ya udongo huku majani yakiweza kuonekana mazima. Mkulima akiiamini simu, akakata pingili na kumuuzia jirani, ugonjwa umehamia shamba la pili na hasara haimfikii mwenye programu. Kung'oa mashina machache na kupasua mihogo yake kabla ya kukata pingili bado ni kazi ya dakika chache, na panga lipo.