Mchagua Jembe na Mkulima: Kupima Ubora wa Zana Zilizofuliwa Kwetu

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Maneno haya yamtia aibu mtu mvivu, ambaye kila apewapo jembe husema hili ni zito, lile ni jepesi, hata jua limepanda naye hajainua tuta moja. Ni maneno ya kweli, wala hatuna nia ya kuyapinga. Lakini yahusu shamba, hayahusu soko. Mtu aliyekwisha fika shambani na alime kwa jembe alilo nalo. Bali mtu aliye mnadani, fedha yake mkononi, huyo asipochagua atakuwa mkulima kwa siku chache tu. Kisha jembe lake litakunjika, naye atakaa bure huku mvua ikinyesha.

Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi mtu asiye fundi awezavyo kupima jembe, shoka au panga lililotengenezwa hapa kwetu na kuuzwa kwa bei nafuu, apate kujua kama lastahili fedha yake. Hatutahitaji mashine yoyote. Macho, masikio, mikono na tupa moja vyatosha.

Katika mkoa wa Singida jambo hili lina uzito kuliko mahali penye mvua mbili. Kwetu mvua huja mara moja kwa mwaka, tangu Novemba au Desemba hata Aprili, na kwa kawaida haizidi sana milimita 800. Mara nyingi ni chini ya hapo. Mtama, uwele, alizeti, mahindi na viazi vitamu vyote vyaingojea mvua hiyo moja. Jembe likivunjika mwezi wa Julai, hasara ni bei ya jembe. Likivunjika mwezi wa Januari, hasara ni palizi, kwa maana magugu hayamngoji mtu aliyekwenda mjini kutafuta jembe jingine. Kwa hiyo tusipime zana kwa bei yake tu, bali pia kwa siku itakazotuangusha.

Ufuaji wa chuma si jambo geni katika nchi yetu. Katika karne ya 19, wahunzi wa upande wa kusini-magharibi ya Ziwa Victoria, katika nchi ya Uzinza, waliyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa na mivuo, wakafua majembe yaliyochukuliwa mbali mpaka Unyanyembe, karibu na Tabora. Majembe hayo hayakuwa ya kulimia tu. Yalitolewa mahari, tena yalibadilishwa kwa ng'ombe na vitu vingine. Ndipo yalipokuja majembe ya viwanda vya Ulaya, pamoja na vyuma chakavu, na kazi ya kuyeyusha mawe ikafifia. Lakini kazi ya kufua haikufa. Baada ya Uhuru, kiwanda cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilitengeneza majembe mengi katika miaka ya 1970. Na mwaka 1973 likaundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, ili kuwasaidia mafundi wadogo mikoani. Basi zana ya kwetu si kitu cha kudharauliwa kwa sababu ni ya kwetu. Wala si kitu cha kusifiwa kwa sababu hiyo peke yake. Yapaswa kupimwa.

Kwanza yafaa tufahamu kwa nini majembe mawili yanayofanana kwa sura hayafanani kwa kazi. Siri iko katika chuma chenyewe. Chuma laini na pua ni ndugu. Tofauti yao kubwa ni kiasi cha kaboni, yaani ile asili ya mkaa, iliyochanganyika ndani yake. Chuma laini kina sehemu mbili za kaboni katika elfu, au pungufu. Springi za motokaa zina sehemu tano au sita katika elfu. Kiasi hiki ni kidogo mno, lakini hubadili tabia yote. Chuma laini, hata ukikipasha moto kikawa chekundu na kukitumbukiza majini, hakiwi kigumu hata kiweze kushika makali. Springi ikifanyiwa hivyo huwa ngumu sana. Ndiyo sababu mhunzi mwenye akili hutafuta springi za magari yaliyoharibika. Mwingine hukata bati la pipa au kipande cha chuma cha kujengea, akakipaka rangi nyeusi, na mnunuzi asiyetazama akadhani vyote ni sawa.

Lakini chuma chema peke yake hakitoshi. Kuna kazi ya moto. Mhunzi huipasha springi mpaka iive kwa wekundu, kiasi cha sumaku kutoshika tena, kisha huitumbukiza katika maji au mafuta. Mafuta huipoza polepole kuliko maji, na kwa hiyo haipasuki upesi. Hapo chuma ni kigumu, lakini hukatika kama kigae. Basi mhunzi husugua mahali pamoja hata pang'are, akakipasha moto tena taratibu, akitazama rangi zinavyopita: kwanza rangi ya majani makavu, kisha hudhurungi, kisha zambarau, kisha buluu. Patasi ya seremala huachwa kwenye rangi ya majani makavu, kwa maana yahitaji ugumu. Jembe na panga huachwa kwenye buluu, kwa maana yahitaji kuvumilia mapigo. Fundi aliyeruka kazi hii ya pili ameuza jembe litakalovunjika. Aliyeziruka zote mbili ameuza jembe litakalopinda.

Sasa tuje kwenye majaribio. Yako matano, nayo yafanywe kwa ruhusa ya mwenye mali na kwa adabu.

Jaribio la kwanza ni la macho. Lishike jembe mbele ya uso, ulitazame kwa upande. Jembe lililofuliwa vema ni nene shingoni na huzidi kuwa jembamba kuelekea kwenye makali. Likiwa na unene mmoja pote, yaelekea limekatwa tu kutoka katika bati, wala halikufuliwa. Tazama sana shingoni, mahali panapobeba nguvu yote. Kama pamechomelewa, ule uchomeleaji uwe umezunguka pande zote na kushika vizuri, usiwe na matundu. Tena usidanganywe na rangi. Kwaruza kidogo kwa ukucha au msumari, maana rangi nzito huweza kuficha ufa.

La pili ni la sikio. Lining'inize jembe lisilo na mpini kwa kamba, uligonge kwa msumari. Likilia kwa sauti safi inayodumu, ni zima. Likitoa sauti ya mtungi uliopasuka, lina ufa au kiungo kilicholegea. Lakini fahamu kwamba sauti yatuambia habari za ufa tu. Haituambii habari za ugumu. Hata chuma laini huweza kulia vizuri.

La tatu ndilo la ugumu, nalo lataka tupa. Pitisha tupa mara mbili tatu penye makali. Ikila chuma kwa urahisi mno, na unga mwingi kudondoka, chuma hicho ni laini. Ikiteleza kama juu ya kioo, bila kushika kabisa, ni kigumu mno, na makali yatamomonyoka yakigonga jiwe. Jembe jema hushikwa na tupa, lakini kwa taabu kidogo. Mtu akifanya hivi kwanza juu ya kipande cha nondo, kisha juu ya springi kuukuu, mkono wake utajifunza tofauti kwa muda mfupi.

La nne ni la kupinda, nalo lafaa zaidi kwa panga. Weka ncha yake juu ya ubao, ulisukume kwa kiasi mpaka lipinde kidogo, kisha uliachie. Panga jema hurudi likawa limenyooka. Panga la chuma laini hubaki na kipindi chake. Usilisukume kwa nguvu zote, kwa maana jaribio ni la kujua, si la kuharibu mali ya mtu.

La tano ni la mpini na tundu lake. Tazama kama makali yamekaa sawa na mpini, wala hayakuelekea upande mmoja, maana jembe lililopinda humchosha mlimaji mgongo hata chuma chake kikiwa chema. Mpini uwe wa mti mkavu, na nyuzi zake zikimbie moja kwa moja tangu mwanzo hata mwisho. Mti mbichi hukauka baadaye, ukasinyaa, na jembe likachomoka. Mkole hupendwa kwa kazi hii kwa sababu ni mgumu na tena hunepa.

Pamoja na majaribio haya, kumbuka udongo wako. Katika udongo wa kichanga adui wa jembe ni kusagika, kwa maana chembe nyingi za mchanga ni ngumu kuliko pua yenyewe. Hapo pua ngumu ni bora. Lakini mtu alimaye katikati ya majabali, nasi Singida majabali tunayo tele, asitafute ugumu uliopita kiasi, kwani jiwe moja laweza kuvunja kipande cha makali. Na alimaye mbugani, penye udongo mweusi unaonata, ataridhika zaidi na jembe jembamba lenye uso laini. Hapana jembe moja lililo bora kwa watu wote.

Sasa habari ya bei. Wahenga walisema pia, "Rahisi huvunja upishi." Na tufanye hesabu. Tuseme jembe moja lauzwa shilingi 7,000 na kwisha katika msimu mmoja. La pili lauzwa shilingi 12,000 na kudumu misimu mitatu. Mwenye jembe la kwanza atatoa shilingi 21,000 katika misimu mitatu. Mwenye la pili atatoa shilingi 12,000, yaani shilingi 4,000 kwa msimu. Ameokoa shilingi 9,000, wala hatujahesabu siku za palizi zilizopotea. Lakini hesabu hukata pande zote mbili. Jembe lile la pili likiuzwa shilingi 25,000, basi kwa fedha peke yake lile la kwanza limelishinda. Bei kubwa si shahidi wa ubora, kama bei ndogo isivyo shahidi wa ubaya. Shahidi ni idadi ya misimu.

Kwa zana za kiwandani, mnunuzi aweza kutafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, ambalo lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975. Walakini alama yoyote yaweza kuigwa na watu wasio waaminifu, kwa hiyo alama isitufanye tuache tupa nyumbani. Mhunzi wa kijijini mara nyingi hana alama ila jina lake. Jina hilo ni kitu kikubwa kuliko tunavyodhani. Mhunzi akaa karibu. Waweza kumwuliza chuma alikitoa wapi, waweza kumpelekea springi yako mwenyewe akufulie, na jembe likisagika waweza kumrudishia aliongezee makali. Mwenye duka la mbali hatafanya hayo. Muulize mhunzi kabla ya kulipa, "Likipinda katika juma la kwanza, utalipokea?" Fundi anayeijua kazi yake hataudhika kwa swali hilo.

Nasi tuwatendee wahunzi haki. Mtu akidai jembe la pua kwa bei ya jembe la bati, anamfundisha mhunzi kufua bati. Tena tusiende kwao wote kwa pamoja mwezi wa Novemba, mawingu yakiwa yamekwisha tanda. Wakati huo mhunzi ana haraka, na chuma cha haraka hukosa moto wa pili. Tuagize mwezi wa Agosti au Septemba, naye atapata nafasi ya kuifanya kazi yake kwa utulivu, nasi tutapata nafasi ya kulijaribu jembe kabla ya mvua.

Wanafunzi wanaosoma habari hizi wanaweza kuwasaidia wazazi wao kwa jambo moja rahisi. Chukueni daftari, mwandike kila jembe la nyumbani: lilinunuliwa lini, kwa nani, kwa bei gani, urefu wake tangu shingo hata makali ni sentimita ngapi. Mwisho wa palizi pimeni tena urefu huo. Baada ya misimu miwili daftari lenu litawaambia ni mhunzi gani, au duka gani, lililowapa thamani ya fedha, na hapatakuwa na haja ya kubishana.

Husemwa kwamba jembe halimtupi mkulima. Ni kweli, ikiwa mkulima naye hakulitupia macho juu juu siku ile alipolinunua.