Fahamu: Kwa nini bei mpya za matibabu zinazigusa kliniki binafsi za Kamembe

Daktari mwenye kliniki yake Kamembe, wilayani Rusizi nchini Rwanda, hawezi kumpangia mgonjwa wa bima bei anayoitaka. Viwango huwekwa na serikali, na vile vya 2017 vilitumika hadi Julai 1, 2025, vilipoanza vipya vilivyoidhinishwa na Baraza la Mawaziri Januari mwaka huo. Miaka yote hiyo gharama za dawa, glavu na mishahara hazikusubiri.

Mtumishi wa umma mwenye bima ya RAMA, inayosimamiwa na Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda (RSSB), hulipa asilimia 15 dirishani. Asilimia 85 ambayo kliniki huidai RSSB inabaki kuwa karatasi: fomu yenye vipimo, dawa, muhuri na saini ya mgonjwa. Saini ikisahaulika, dai linaweza kukataliwa, na dawa imeshanywewa. Ndiyo maana karani wa madai ni nguzo ya kliniki sawa na muuguzi.

Wanachama wa mituweli, bima ya afya ya jamii, wao huanzia vituo vya afya vya umma, kisha Hospitali ya Gihundwe, iliyo papo hapo Kamembe, hivyo kwa kawaida hawapiti kliniki binafsi.

Anabaki mgonjwa wa taslimu, akiwemo anayevuka Mto Rusizi kutoka Bukavu, nchini Kongo. Lakini waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, benki za huko zilifunga milango, na noti zikawa adimu.

Bei mpya ni haki ya kliniki, tena zilichelewa mno. Ila bei ikipanda, ile asilimia 15 ya mgonjwa nayo inapanda, na mshahara wa mwalimu haukupangwa kwa jedwali hilo la bei.