Kabla ya Seva, Maafikiano

Mtoto mwenye selimundu akipimwa hemoglobini katika hospitali moja, kadi yake yaweza kuandikwa 7.2. Mwenzake akipimwa kwingine, ikaandikwa 72. Huenda damu zao ni sawa kabisa: huku wametumia gramu kwa desilita, kule gramu kwa lita. Daktari mzoefu anang'amua mara moja. Kompyuta haing'amui mpaka iambiwe. Itajumlisha zote mbili na kutoa wastani wa ajabu bila kuona haya.

Kuzuia vituko vya namna hiyo ndiko kunakomchosha anayeongoza taasisi ya sayansi ya data za tiba, kuliko hata kununua mitambo. Chukua Chuo Kikuu cha Cape Town, ambako Profesa Nicola Mulder aliongoza H3ABioNet, mtandao wa bioinfomatiki (uchambuzi wa data za kibayolojia kwa kompyuta) ulioanzishwa mwaka 2012 kuhudumia utafiti wa jenomu barani Afrika. Timu yake pia imeratibu data za SickleInAfrica, mpango wa mwaka 2017 ulioanza kusajili wagonjwa wa selimundu Tanzania, Ghana na Nigeria, Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, kikiwa kitovu. Rejista ya mpango huo imeshavuka wagonjwa 10,000.

Lakini rekodi hizo zikiandika "maumivu makali", ni yapi? Ya mgonjwa aliyelazwa tu, au hata aliyemeza dawa nyumbani akapona? Kila mtafiti ana jibu lake. Ndiyo maana wataalamu wa selimundu waliketi wakakubaliana istilahi, kila moja na maana yake na uhusiano wake na nyingine. Kazi hii haipambi ukurasa wa gazeti, ila bila hiyo rejista ni rundo la kadi.

Kisha kuna watu. Mwaka 2016 mtandao wa H3ABioNet ulianzisha kozi ya bioinfomatiki katika vituo 20 vya nchi 10. Kwa kuwa intaneti yetu tunaijua, mihadhara ilirekodiwa, vituo vikaipakua mapema, wanafunzi wakaitazama pamoja na mkufunzi msaidizi darasani. Muda wa mtandaoni ukabaki kwa maswali. Huo ni uongozi wenye akili.

Fedha nyingi za miradi hii zilitoka Marekani, na ruzuku zina mwisho. Mtaalamu asipokuwa na ajira ya kudumu chuoni, benki na kampuni za simu zinamsubiri mlangoni. Serikali zetu ziwaingize watunza data hawa kwenye bajeti za vyuo, na zifanye hivyo kabla miradi kama hii haijafungwa.