Mtoto Nyuma ya Mapipa ya Kangara

Polisi wanaovamia nyumba ya chang'aa wanajua la kufanya na kangara, ule mchanganyiko uliochachushwa kupikia chang'aa: mapipa yanapinduliwa, mitungi inabebwa kama ushahidi, mama pima, yule muuzaji, anapandishwa garini. Asiye na nafasi katika utaratibu huo ni mtoto aliyekaa kitandani akitazama yote. Hapa Nyeri, kuanzia Chaka hadi Karatina, misako si habari tena, hasa tangu pombe haramu iue watu kule Kirinyaga Februari 2024. Na kwa kuwa makurutu wengi wa polisi hufunzwa chuoni Kiganjo, huko ndiko habari za mtoto huyu zinakofaa kuanzia.

Mwili wake kwanza. Pombe ikimfikia mtoto mdogo haimleweshi tu. Ini likishughulika nayo hushindwa kutengeneza sukari ya kutosha, na akiba ya mtoto ni ndogo. Sukari ikishuka hulegea, hupata degedege, hata huzimia. Ikiwa pombe ina methanoli, ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki inayoharibu neva za macho, na dalili zaweza kukawia saa 12 hadi 24. Basi mtoto anayelala fofofo huku mapipa yakipinduliwa apelekwe hospitali. Asiachwe amalizie usingizi.

Kisha ubongo. Hofu huamsha adrenalini na kortisoli. Kurutu anayekimbia Kiganjo, chuo ambako mwanariadha Kipchoge Keino aliwahi kuwa mkufunzi, huamsha homoni hizo hizo, lakini mbio zikiisha hushuka. Mtoto ambaye kila jioni anasikiliza ni nani anagonga mlango hana mwisho wa mbio. Mwaka 1998 madaktari wa Marekani, Felitti na Anda, walionyesha kwamba kukulia na mlevi au mtumiaji wa dawa za kulevya, pamoja na dhiki nyingine za utotoni, kunaongeza uwezekano wa ulevi na maradhi ukubwani. Kunaongeza uwezekano, hakumwandikii mtoto hatima.

Kinachoishusha kortisoli kinajulikana. Megan Gunnar wa Chuo Kikuu cha Minnesota, akipima mate ya watoto waliotishika au kuchomwa sindano, aliona kwamba kortisoli ya aliye karibu na mlezi anayemtegemea haipandi sana. Hapa afande atakuna kichwa, maana mama pima anaweza kuwa mvunja sheria na papo hapo kimbilio pekee la mwanawe. Amkamate, sawa, lakini pingu zisubiri nje ya mlango, na mama apewe nafasi ya kumwambia mtoto anakabidhiwa nani. Askari mmoja abaki na mtoto, achuchumae, ajitambulishe, amwache achukue sweta na daftari lake.

Je, apelekwe wapi? Si seli, hata kwa usiku mmoja. Makao ya watoto pia yasiwe jibu la kwanza. Huko Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti walifuatilia watoto 136 waliokuwa wakiishi kwenye makao. Nusu walipewa familia kwa kura. Waliopata familia akili zao zilikua vizuri zaidi, hasa waliotoka kabla ya miaka 2. Mpango wa Kenya wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unaelekea huko huko: jamaa kabla ya taasisi. Afisa wa watoto apigiwe, au namba 116, na nyanya atafutwe. Ila nyumba yake ikaguliwe pia, maana wako nyanya wanaopika chang'aa.

Kisha kuna shule. Huko West Virginia, Marekani, polisi wanaomkuta mtoto kwenye tukio hutuma ujumbe shuleni kabla ya masomo ya asubuhi. Hawasemi kilichotokea, wanamwomba mwalimu amshughulikie kwa upole tu. Mtoto akisinzia darasani hachapwi, akikosa kazi ya ziada haulizwi mbele ya wenzake. Kwa Nyeri, jambo hilo linadai namba ya mwalimu mkuu iliyobandikwa kituoni, na konstebo mwenye salio.