Kwa nini nyumba ya urithi Zanzibar huchelewa kuuzika

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar zimo nyumba ambazo wanunuzi wamekwisha kuzikagua na bei imekwisha kutajwa, lakini miaka hupita pasi na kuuzwa. Jirani husema nyumba ina nuksi. Dalali hudai wenyewe wanataka bei kubwa. Mara nyingi sababu ni nyingine kabisa: anayeuza si mwenye nyumba peke yake.

Nyingi ya nyumba hizo ni za urithi, na mirathi ya Waislamu hugawanywa kwa sharia. Chukulia marehemu ameacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Mke hupata thumni, yaani 1/8. Kila binti 1/8, na kila mwana wa kiume 2/8. Warithi ni sita, na hesabu inakwisha bila ya baki. Lau nyumba ingeuzwa mwaka huo huo, shughuli ingekuwa nyepesi.

Lakini mama yu hai na anaishi humo, na hakuna mtoto anayethubutu kumwambia ahame. Baada ya miaka kumi, mwana mmoja anafariki Muscat, akiacha mke na watoto wanne, wa kiume na wa kike. Hisa yake haiendi kwa ndugu zake. Mama yake hupata 1/6 ya hisa hiyo, mjane wake 1/8, na kinachosalia ni cha watoto wake. Wenye nyumba sasa ni kumi, na baadhi yao hawajapata kuiona. Mafakihi hukiita kisa hiki munasakha. Mama naye akifariki, hesabu huanza upya.

Sahihi kutoka mbali

Mnunuzi mwenye busara hatosheki na sahihi ya kaka mkubwa. Hutaka ridhaa ya warithi wote, na mwenye hisa ndogo kabisa anaweza kuisimamisha biashara. Aliyeko Muscat, London au Toronto hulazimika kutoa uwakala kwa hati iliyothibitishwa. Hapo huzuka usumbufu wa majina: pasi ya Oman ina jina la kabila, cheti cha kuzaliwa cha Unguja hakina, na afisa ana haki ya kuuliza iwapo huyo ni mtu yule yule.

Yapo na mengine. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na kinachomilikiwa ni haki ya kuitumia. Nyumba ya wakfu haiuzwi kama mali ya mtu binafsi. Aidha, tangu mwaka 2000 Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia, na ukarabati huhitaji kibali cha mamlaka ya hifadhi.

Wakati huo jengo linachakaa. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za ghorofani hubebwa na boriti za mikoko. Paa likivuja masika mawili matatu, boriti huoza. Nani kati ya kumi atalipia paa la wote? Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, jengo maarufu kuliko yote mjini humo, iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Mnunuzi hukumbuka hayo anapotaja bei.

Baadhi ya familia huwahi kwa kadhi mapema, hisa zikaandikwa wangali wachache, au mmoja akawanunua wenzake. Penye mvutano, sahihi ya mwisho mara nyingi ni ya binti aliyebaki nyumbani kumuuguza mama. Dalali humwita mkaidi. Hisa yake ni sawa na ya dada aliyeko ng'ambo, wala haitoshi kununua hata chumba. Na siku nyumba itakapouzwa, ni yeye atakayetafuta pa kulala.