Wanafunzi wa usanifu wasikimbie jicho la fundi

Vyuo vyetu huwatoa kila mwaka vijana waliosomea usanifu wa michoro, wale wanaobuni nembo, mabango, majalada ya vitabu na vifungashio vya bidhaa. Aghalabu kijana kama huyo hutoka na mkoba wa kazi zake, yaani potifolio, ambao kwa mwajiri una uzito kuliko cheti. Ajabu ni kwamba wengi huufungua mkoba huo mbele ya fundi kwa mara ya kwanza siku ile ile wanapoomba ajira. Hapo huwa wamechelewa. Mwajiri hana wajibu wa kumweleza aliyekataliwa ni kwa nini amekataliwa.

Kabla ya siku hiyo, walioziona kazi hizo ni marafiki, jamaa na mwalimu. Marafiki husifu kwa mapenzi, na wahenga walikwisha kutuonya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwalimu naye hufuata mwongozo wa mtihani. Mteja hatoi alama. Atakalo kujua ni kama abiria aliye ndani ya matatu ataweza kulisoma bango hilo kabla hajalipita.

Basi mwanafunzi aende wapi? Kwanza, aende kwa mpiga chapa. Katika vichapishio vya River Road jijini Nairobi, fundi ataona kwa dakika chache makosa ambayo kompyuta imeyaficha: kwamba rangi za kioo cha kompyuta ni za mwanga, ilhali za karatasi ni za wino, hivyo hazitatoka sawa, kwamba picha haifikii nukta 300 kwa kila inchi, kwamba hakuacha milimita 3 za ziada pale karatasi itakapokatwa. Pili, amwendee msanifu wa gazeti au wa kampuni ya matangazo. Tatu, amwonyeshe mtu wa kawaida ambaye kazi hiyo ilikusudiwa.

Asitegemee hukumu ya mmoja peke yake. Mwaka wa 1931 Harry Beck, mchoraji wa mitambo ya umeme, alibuni ramani ya reli za chini ya ardhi za London iliyopuuza masafa halisi na kuzinyoosha njia zote. Wakuu waliikataa. Beck aliiwasilisha tena, na mwaka wa 1932 nakala 500 zikatolewa kwa majaribio. Abiria waliipokea vyema, na mnamo Januari 1933 nakala 700,000 zikachapwa. Wataalamu walikosea, naam. Lakini Beck asingalijua hivyo laiti angaliifungia ramani yake kabatini.

Anayeomba maoni naye ana adabu zake. Achague kazi kumi hivi zilizo bora, wala asibebe kila alichowahi kuchora. Kando ya kila kazi aandike ilikuwa ya nani na ilikusudia nini. Abebe pia michoro ya awali, maana fundi hutaka kuona jinsi mtu anavyofikiri. Asiulize, "Je, ni nzuri?" Aulize, "Ni ipi niiondoe, na kwa nini?" Kisha anyamaze, asikilize, aandike. Anayejitetea kila anapokosolewa hurudi nyumbani na kazi ile ile aliyokwenda nayo.

Wapo watakaosema kwamba fundi ataiba wazo. Hofu hiyo si ya bure. Hata hivyo, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 huilinda kazi ya sanaa tangu inapotiwa katika umbo la kudumu, hata kabla ya kusajiliwa. Mwanafunzi aandike jina na tarehe, na abaki na nakala.

Mzigo huu si wa wanafunzi pekee. Mtaala wa Umilisi umeitengea sanaa nafasi yake katika shule za sekondari pevu, na walimu wanatakiwa kuwalea vijana hao. Ni gharama gani kumwalika fundi mmoja kila muhula, aketi na darasa na kuzipitia kazi zao moja baada ya nyingine? Mwalimu asidhani kwamba kufanya hivyo ni kujivunjia heshima. Afadhali kijana akosolewe leo mbele ya mwalimu wake kuliko akataliwe kesho bila kuambiwa neno.